Sugu ya Pedale

Mashine yangu ya kushona ni ya kukanyaga. Niliinunua mwaka wa pili baada ya kufika Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, pedale yake ya chuma ikiwa imeshalika katikati kwa miguu ya watu nisiowajua. Nashona pekupeku. Kiatu hunipotezea mwendo wa uzi, lakini mguu ukiwa mtupu najua sindano imefika wapi hata kama macho yangu yako mlangoni. Ndivyo alivyonifundisha mama mkubwa wangu kule Bukavu, na sikuona sababu ya kubadili.

Kwa hiyo jambo lile lilipoanza chini ya mguu wangu wa kulia, kwenye nyama iliyo nyuma ya kidole gumba, niliamini ni sugu. Nataka hilo lijulikane mapema, kwa sababu mengi yanayofuata hayanipendezi. Mwanzoni niliamini kabisa. Baadaye sikuamini tena, lakini niliendelea kusema.

Kanisa letu lina desturi ya kutawadhana miguu. Kila baada ya miezi minne, kabla ya Meza ya Bwana, wanaume hubaki ukumbini na sisi wanawake huingia chumba cha nyuma, kile wanachofundishiwa watoto. Tunakuta mabeseni yamepangwa, majagi ya maji ya uvuguvugu, na taulo zilizokunjwa. Tunakaa wawili wawili. Mmoja anapiga magoti, anamwosha mwenzake miguu, anaipangusa, kisha wanabadilishana, na mwishoni wanakumbatiana na kuombeana. Maji ya Dzaleka ni ya foleni, hivyo beseni moja linawatosha wawili na hakuna anayeyabadilisha katikati. Mafundisho yanasema umtafute yule uliyekosana naye. Wengi wetu humtafuta yule tusiye na neno naye, maana inachosha kidogo.

Mimi nilikuwa natawadhana na Mama Mapasa, jirani yangu, Mrundi kutoka vilima vya Makamba. Tulimwita hivyo kwa sababu alizaa mapacha. Sisi tulianza kwa ugomvi wa kweli. Alisogeza ndoo yake mbele ya yangu bombani, nami nikamuuliza mbele za watu kama huko kwao milimani hawajui foleni. Mke wa mchungaji alisikia. Siku ya kutawadhana ilipofika alitushika mikono wote wawili kama watoto watoro, akatukalisha benchi moja. Mama Mapasa alivuta beseni. Alipiga magoti akaniosha miguu kwa bidii ile ya kusugua sufuria iliyoungua, katikati ya vidole, kwenye visigino, mpaka nikaona haya. Tangu siku hiyo ikawa miaka tisa, na sikuwahi kuoshwa na mwingine.

Nyayo zake nilizijua kuliko zangu. Zilikuwa pana, visigino vimepasuka, vidole vimeachana kila kimoja na njia yake. Alifanya vibarua vya matofali: anamwaga maji kwenye udongo, anaukanyaga kutwa hadi unalainika, wengine wanaufyatua. Nilikuwa namtania kwamba miguu yake na yangu inafanya kazi moja, ila yangu imekaa kitini.

Sugu yangu haikukaa kama sugu. Iliingia ndani badala ya kutoka nje, ikawa na vidoa vyeusi kama mbegu za nyanya zilizooza, halafu ikazaa wenzake pembeni. Nilijaribu vitunguu saumu vilivyopondwa na kufungwa kwa kitambaa. Nikajaribu utomvu wa mnyaa. Fundi mmoja wa redio akanipa tone la asidi ya betri kwenye kijiti, nikalia kama mtoto, ngozi nzima pembeni ikafa na lile jambo likabaki limekaa, halina habari. Mwishowe nikaenda zahanati ya kambini.

Yule aliyenipima aliutazama mguu wangu kwa muda mfupi sana. Akasema si sugu. Ni chunjua, akasema, na Wamalawi wanaziita njerewere, ni virusi. Akanipa dawa ya kupaka, akaniambia nivae kandambili bafuni na nisichangie maji ya kuogea miguu na mtu yeyote. Alisema hivyo bila kuinua kichwa, keshafika kwa mgonjwa anayefuata. Ilikuwa Alhamisi. Kutawadhana kulikuwa kesho kutwa yake.

Nilikuwa na siku mbili za kufikiri, na nilifikiri. Ningeweza kusema naumwa kichwa. Ningeweza kwenda na beseni langu. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nawasomea majirani barua zao, mimi ndiye niliyewaambia watoto wao wanawe mikono, mimi mtu wa Bukavu niliyemaliza shule ya masista. Kwetu kambini ugonjwa wa ngozi husemwa ni wa watu wasiooga. Niliona haya, ndiyo sababu yote, na nimeitafuta sababu nyingine nzuri zaidi kwa muda mrefu bila kuipata. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema wahenga. Maradhi yangu hayakuwa ya kuua, kwa hiyo nilidhani methali hainihusu.

Mama Mapasa alipoushika mguu wangu alisimamisha kidole gumba chake palepale.

"Mama Fundi, hii ni nini?"

"Ni sugu tu," nikamjibu. "Pedale njo inaniletea."

"Ee. Pole. Kumbe hata kazi ya kukaa inaumizaka."

Akaisugua taratibu, akiizunguka, asije akaniumiza. Kisha tukabadilishana, akaweka miguu yake katika maji yaleyale.

Miezi minne baadaye akauliza tena kama bado, nami nikasema bado, pedale haina huruma. Safari hiyo chunjua zilikuwa zimeshikana, ukubwa wa kiganja kizima cha mtoto. Alicheka kidogo, akaniosha.

Baada ya hapo sikuweza tena kukanyaga. Kila kona ya pindo ilikuwa kama kusimama juu ya changarawe. Nilianza kutumia mguu wa kushoto, mishono ikaenda upogo, sare za kwaya zikarudishwa mbili. Kijana wangu, aliyekwisha kuhamishiwa ng'ambo, alisikia sauti yangu kwenye simu akauliza nina nini, na kwa mara ya kwanza nikalitaja kwa jina lake. Yeye ndiye aliyetafuta kwenye simu yake huko aliko akaona kwamba Lilongwe, Area 49, kuna daktari wa ngozi mwenye mashine ya leza inayochoma chunjua zisizosikia dawa. Akalipa huko huko. Chunjua zangu zilishughulikiwa kutoka bara jingine na mtu niliyempangusa makamasi.

Nilihesabu kwamba kutawadhana kunakofuata kulikuwa bado kama miezi mitatu na nusu. Nikipona kabla ya siku hiyo, nitautoa mguu wangu safi, Mama Mapasa ataukagua, nitasema sugu imekwisha, na uongo utakuwa umekufa wenyewe bila mazishi. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta Lilongwe. Maumivu nilikuwa nimeyazoea. Nilichokuwa nakikimbia ni kidole gumba cha yule mama.

Safari yenyewe haikuwa ndefu, lakini ilichosha kabla haijaanza. Kwanza ukae kwenye benchi ungoje karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini. Halafu ungoje gari lijae. Nilifikia Nsungwi, mtaani Area 25, kwa dada mmoja wa kanisa, mjane wa Kimalawi mwenye nyumba ya vyumba viwili, na asubuhi nikapanda kabaza, baiskeli ya abiria, kwenda Area 49, nimenyoosha mguu pembeni nisiuguse kitu.

Daktari alikuwa mpole na mwenye haraka. Kiingereza changu ni cha kuokota, hivyo nesi alinitafsiria kwa Chichewa, nacho nimekiokota vilevile. Walinilaza kifudifudi. Wakanivalisha miwani ya kukinga macho, ingawa nilikuwa natazama sakafu. Sindano ya ganzi kwenye wayo ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko vyote. Nimezaa watoto wanne na sitaki sindano ile tena. Nesi alinishika kifundo akisema "pepani, mayi, pepani," pole, mama, pole. Baada ya hapo mguu ukawa wa mtu mwingine. Nilisikia mlio mdogo, kisha harufu ya kichwa cha mbuzi kinapobabuliwa, na bomba dogo likinyonya moshi. Nikawaza, huyo mbuzi ni mimi.

Kabla ya kunifunga, nesi alichukua fomu. Akauliza kama natembea pekupeku, nikasema ndiyo, kazini. Akauliza kama kuna mtu ninayechangia naye maji ya miguu, kwa maana naye inafaa apimwe.

"Hakuna," nikasema.

Akaandika. Alikuwa na mwandiko mzuri sana, na iliniuma kuona neno lile lilivyoandikwa vizuri.

Jioni ile kule Nsungwi mwenyeji wangu aliichukua karatasi ya kliniki mezani, akaisoma mpaka mwisho, akaenda uani. Aliporudi alikuwa na beseni la bluu. Akaniambia hilo ni langu mpaka nitakapopona, asubuhi na jioni, na kwamba atalitenga chini ya dirisha. Halafu akaendelea kusonga nsima, ugali wao. Nilisema zikomo, asante. Nilikuwa nimeogopa jambo hilo kwa nusu mwaka, na kumbe lilikwisha hata nsima haijaiva.

Daktari alikuwa amechimba shimo la ukubwa wa kifungo cha koti. Nilitembelea kisigino wiki nne. Mama Mapasa, niliyemwambia kwamba nimekwenda Lilongwe kukatwa sugu, alinitekea maji kila asubuhi bila kuombwa. Alikuja na ndoo kichwani, akaimimina kwenye pipa langu, akauliza mguu, akaenda zake matofalini. Mara nyingine alileta maharage yaliyopikwa na mawese. Nilikula kila kitu, na kila kitu kilikuwa kitamu, na hilo lilinichosha zaidi ya jeraha.

Shimo lilipojaa, vidoa vyeusi vikarudi pembezoni, vitatu. Nilivitazama nimeketi kitandani, kioo cha mkono chini ya wayo, na sikuwa hata na nguvu ya kukasirika. Karatasi ya ruhusa tena, gari tena, Nsungwi, beseni la bluu, sindano. Daktari alisema zangu ni kaidi, na kwamba watu hudhani chunjua zina mizizi lakini hazina, ni ngozi tu iliyofundishwa vibaya. Akachoma pana zaidi. Akataka nirudi baada ya wiki nne aangalie.

Nilikuwa nimerudi kambini siku kama kumi, nimekaa mlangoni natoa uzi kwenye sare ya shule, Mama Mapasa alipokuja na ndoo. Nilimwona kuanzia kwenye kona ya kinyozi. Alikuwa anakanyagia ukingo wa nje wa mguu wa kushoto, nyonga imepinda, kisigino hakigusi. Mwendo ule niliujua. Ulikuwa wangu.

Ningependa kusema kwamba niliinuka palepale. Nilimwambia asante kwa maji. Nikamwacha aende. Kwa siku nane nilimtazama akija na akiondoka, maji yakimwagika kidogo begani kwa sababu ya kuchechemea, nami nikiyaoga.

Siku ya tisa alipotua ndoo nikamwambia aketi. Akasema udongo unamngoja. Nikamwambia udongo hautakwenda popote, akae. Akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Mguu yako iko na nini?" nikamuuliza.

"Aa, si kitu. Sugu."

"Sugu ya nini?"

"Ya udongo. Sawa na yako ya pedale." Akatabasamu. "Tumezeeka, Mama Fundi. Miguu inakuwa kwato."

Nikamwambia anionyeshe. Akavua kandambili, akaugeuza wayo kwenye goti. Nimeona majeraha mengi katika maisha yangu, mengine sitaki kuyaandika, lakini lile ndilo linalonijia ninapofumba macho. Kisigino chote kilikuwa kimekatwakatwa. Chunjua zilikuwepo, mbegu zao nyeusi zimetapakaa hadi katikati ya wayo, na juu yake mistari ya kukatwa, mingine mikavu, mingine mibichi yenye usaha, yote myembamba na iliyonyooka.

"Nani alikufanya hivi?"

"Mi mwenyewe. Na wembe." Alisema kama mtu anayeeleza namna ya kumenya viazi. "Kila Jumapili nakata, inarudia. Nakata tena."

"Na hukuenda zahanati?"

"Kwenda kufanya nini? Si we njo ulisema ni sugu? Yangu ilipoanza nikaiangalia, nikaona iko sawa na yako kabisa. Nikasema, Mama Fundi ni mtu alisoma. Kama yeye anasema ni sugu, basi ni sugu. Bantu haiendake kupanga mustari kwa munganga juu ya sugu."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa kosa moja. Nilikuwa nimepanga kumwambia kwamba huenda nimemwambukiza, kwamba naomba radhi. Maneno nilikuwa nayo, nilikuwa nimeyashona siku nane. Hilo la pili sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Sikujua kwamba neno langu lilitembea likaingia nyumbani kwake, likakaa, likawa daktari wake.

Nikamwambia yote. Nilimwambia jina la ugonjwa, na siku niliyoambiwa, kwamba ilikuwa Alhamisi, na kwamba Jumamosi nikatumbukiza mguu nikijua. Nikamwambia nesi aliniuliza nikasema hakuna. Nilisema haraka haraka nikitazama sare iliyokuwa mapajani mwangu.

Akaushusha mguu. Akavaa kandambili yake.

"Alhamisi," akasema.

"Ndiyo."

"Na mi nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Mara mbili nilikuuliza." Akainuka, akachukua ndoo tupu. Mlangoni akasimama akinipa mgongo. "Kama ungeniambia, ningekuosha tu. Ningetafuta basani mbili."

Kesho yake hakuna aliyeniletea maji. Nilikwenda mwenyewe bombani, nikachechemea kurudi, na nilistahili.

Siku ya tatu nilimpelekea karatasi ya ruhusa yenye jina lake pamoja na langu. Nilikuwa nimekaa benchi tangu alfajiri kuipata. Sikumsihi, nilimwambia tu kwamba daktari ananingoja wiki ijayo na kwamba tutakwenda wote. Kijana wangu alikuwa amekwisha kukubali kumlipia. Mama Mapasa aliisoma karatasi polepole, kidole kwenye mstari, maana kusoma alijifunzia ukubwani, akaikunja akaitia kifuani. "Sawa," akasema.

Kwenye gari hakusema neno hadi tulipoingia Area 25, na hapo alisema tu kwamba mahindi ya huku yamewahi. Mwenyeji wetu wa Nsungwi alitutolea beseni la pili, la kijani. Mama Mapasa aliyatazama yale mabeseni mawili chini ya dirisha, kisha akanitazama mimi, na nikajua anawaza nini. Nikajishughulisha na mfuko wangu.

Kliniki walinipima mimi kwanza. Daktari aliuminya wayo, akaukwaruza, akaweka lenzi yake. Akasema mistari ya ngozi imerudi, na ikirudi ndiyo dalili ya kwamba chunjua imekwisha. Alinionyesha kwenye simu yake picha ya mguu wangu mwenyewe, mistari imepita juu ya kovu kama matuta ya shamba. Nimepona. Lilikuwa jambo nililolingoja kwa karibu mwaka mzima, na sikupata pa kuliweka.

Halafu akamgeukia Mama Mapasa. Hakukaa hata kwenye stuli. Alisema hawezi kuchoma mguu ule, kuna usaha, mikato ni mingi, leza juu ya vidonda vile itamharibu. Akampa vidonge na dawa ya kusafishia, arudi vikifunga, pengine wiki sita. Nesi aliuliza kwa Chichewa nani aliyemshauri wembe. Mama Mapasa aliniangalia ili nimtafsirie. Nilimtafsiria.

"Mwambie hakuna," akasema.

Sikumwambia hivyo. Nilimwomba nesi alete fomu yangu ya kwanza, ile aliyoiandika mwenyewe, nikamwonyesha mstari wa maji. Nikamweleza. Alikata lile neno kwa kalamu, mstari mmoja, akaandika juu yake. Daktari alisema hakuna anayeweza kujua chunjua zilitoka kwa nani, mtu anayekanyaga udongo wa kila mtu anaweza kuziokota popote. Nilimtafsiria hilo pia, lakini Mama Mapasa hakuonekana kulijali. Wala mimi. Virusi huenda si vyangu. Wembe ni wangu.

Siku ya kutawadhana ilifika ikiwa zimebaki siku chache arudi Lilongwe. Mikato ilikuwa imefunga, chunjua ziko palepale. Sikutarajia aje kwangu. Nilikaa mwisho wa benchi na mguu wangu uliopona, nikiwa tayari kukaa peke yangu, na kusema kweli nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hilo halikunisumbua sana. Wanawake walikuwa wanaketi wawili wawili, taulo zinagawiwa. Akaingia na beseni lake kutoka nyumbani, akalitua mbele yangu.

"Nilidhani utatafuta mwengine," nikamwambia.

"Mwengine nani? Nimuambukize nani?"

Alipiga magoti akaniosha kwanza, kwa maji ya beseni la kanisa. Kidole gumba chake kilipita kwenye kovu, kikarudi, kikapita tena. Akanipangusa. Kisha akaketi, akamimina maji mengine kwenye beseni lake, akatumbukiza miguu, na nilipopiga magoti akaniwekea kiganja mbele ya kifua kunizuia. Akatoa kwenye fundo la kitenge sashe mbili za plastiki, za mkate, zilizofuliwa na kuanikwa.

"Vaa hii kwa mikono."

"Sitaki."

"Vaa, Mama Fundi. We ni wa kushona. Zikishika mikono utakula nini?"

Nikazivaa. Akanifunga mwenyewe kwenye vifundo vya mikono kwa uzi, uzi wangu, niliutambua rangi. Nilipoanza kumwosha, plastiki ilipiga kelele majini, chumba kizima kikasikia. Mke wa mchungaji akaja akasimama juu yetu na taulo lake begani. Akauliza, kwa upole, leo kuna nini, dada mmoja anaona kinyaa miguu ya mwenzake?

"Ni sugu tu," Mama Mapasa akamjibu upesi. "Ya udongo."

Alikuwa ananipa. Aliuchukua uongo wangu akanirudishia kama nguo iliyofuliwa, nijifunike.

"Si sugu," nikasema. Sikupaza sauti, lakini kilikuwa chumba kidogo. "Ni chunjua, inaambukiza kwa maji. Ilikuwa kwangu. Mi nilijua, nikamudanganya hapa hapa, mara mbili, mbele ya Mungu. Yeye anaogopa kuniambukiza, njo maana ya sashe."

Karibu na dirisha mtu alitoa miguu yake kwenye beseni. Kisha na mwingine. Nilisikia matone yakidondoka sakafuni. Mke wa mchungaji alirudi nyuma hatua moja. Mimi nilibaki magotini, mikono yangu imo katika sashe za mkate, kisigino chake juu ya kiganja changu, na sikuweza kuinua uso.

Mama Mapasa akausogeza mguu wake kidogo, ukakaa vizuri.

"Osha," akaniambia. "Maji inapoa."

Nikaosha.